Lepros: kivumishi cha magamba kilichotwishwa ukoma

Katika Kigiriki cha kale, lepros kilikuwa kivumishi cha kawaida tu. Shina lake ni lile la lepis, yaani gamba, na kilieleza kitu chenye magamba au kinachokwaruza. Matabibu wa zama za Hippocrates waliita lepra maradhi ya ngozi kubanduka, nayo yalitibika. Ukoma tunaoujua leo, unaoua hisia za mikono na miguu, Wagiriki waliuita kwa jina jingine: elephantiasis.

Mambo yaliharibika kwenye tafsiri. Kuanzia karne ya 3 kabla ya Kristo, Wayahudi wa Alexandria walipoitia Torati katika Kigiriki, neno la Kiebrania tzaraat waliliandika lepra. Lakini soma Mambo ya Walawi, sura ya 13 na 14: tzaraat huwapata watu, nguo, hata kuta za nyumba. Ulikuwa unajisi, na aliyetoa hukumu ni kuhani, si tabibu. Unajisi huo ukakiganda kivumishi.

Waarabu walitenganisha vizuri: judham ni ukoma, baras ni mabaka meupe. Katika karne ya 11 Constantinus Africanus, mzaliwa wa Afrika Kaskazini aliyekuwa mtawa wa Monte Cassino, alitafsiri vitabu vyao vya utabibu kwa Kilatini, na judham ikawa lepra. Hivyo wagonjwa ambao ngozi yao haitoi magamba wakarithi hukumu isiyowahusu. Kufikia mwaka 1179, Mtaguso wa Tatu wa Laterano ulikuwa ukiwapangia makanisa na makaburi yao ya pekee.

Mwaka 1873, huko Bergen, Norway, Gerhard Armauer Hansen alikiona kimelea chenyewe: bakteria. Hata hivyo jina lilichelewa kufuata ushahidi. Ni mwaka 1948, mjini Havana, ndipo mkutano wa kimataifa wa ukoma ulipotaka mgonjwa asiitwe tena kwa jina la maradhi yake. Brazil ilipitisha sheria mwaka 1995 iliyotaka nyaraka za serikali ziache neno lepra; jina linalotumika huko ni hanseníase, yaani ugonjwa wa Hansen.

Sisi katika Kiswahili tuna maneno ukoma, jedhamu na matana, na tunayo njia ya kumtaja mtu kwa heshima: mwenye ukoma. Aliyepona naye asiitwe mkoma, kwa kuwa hana tena ugonjwa huo. Dawa mseto inatolewa bure kupitia Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 1995. Ukiona baka lililopauka lisilohisi mguso, wahi kituo cha afya.