Ndizi mbichi ya Marani ina nini ndani?

Mkungu wa ndizi hukatwa Marani, kule vilima vya Kisii, ungali kijani. Karibu robo tatu ya uzito mkavu wa nyama ya ndizi hiyo ni wanga. Wanga ni polisakaridi, yaani sukari ndogo ndogo nyingi zilizotungwa kama shanga. Kila ushanga ni glukosi, ile ile inayopimwa kwenye damu ya mgonjwa wa kisukari.

Utungaji ni wa namna mbili. Amilosi ni uzi mrefu usio na matawi, au wenye machache mno. Amilopektini ina matawi tele, kwa hivyo vimeng'enya vya tumbo hupata ncha nyingi za kuanza kukata. Selulosi ya ukuta wa seli nayo ni glukosi tupu, ila kiungo chake kimegeuzwa na vimeng'enya vyetu havikiwezi.

Katika ndizi mbichi, chembe za wanga zimebanana hata nyingi hupita utumbo mdogo bila kusagwa. Zikifika utumbo mpana, bakteria huzichachusha na kutoa butireti, ambayo ni chakula cha seli za utumbo huo na husaidia kufyonza maji na chumvi.

Faida yake ilionekana Dhaka, Bangladesh. Mwaka 2001 watafiti walitoa matokeo ya watoto wa kiume 62, wa miezi 5 hadi 12, walioharisha kwa muda mrefu. Kufikia siku ya tatu, waliolishwa mchele na ndizi mbichi iliyopikwa walipona asilimia 59. Waliopewa mchele na pektini, polisakaridi nyingine ya matunda, walikuwa asilimia 55. Mchele mtupu, 15. Watoto hao walikuwa chini ya uangalizi wa madaktari, kwa hivyo mama asiache maji ya chumvi na sukari wala safari ya hospitali kwa ajili ya ndizi.

Sasa tuje kwenye sinia ya futari. Wazee wetu wenye kisukari huambiwa wale ndizi mbichi kwa kuwa haina sukari. Maneno hayo ni nusu kweli. Moto hufumua zile chembe, na wanga mwingi husagika na kuwa glukosi. Kiporo kilichopoa hurudisha sehemu ya ugumu wake, lakini si wote. Vipande vihesabiwe, na damu ipimwe baada ya kula.

Ndizi mbivu za nazi, na iliki yake, ni jambo jingine kabisa. Ndizi ikiiva, vimeng'enya vyake yenyewe huvunja karibu wanga wote ukawa sukari, hata kabla mpishi hajaongeza yake. Anayempikia mgonjwa achague chane ambayo ganda lake halijaanza kupiga manjano.