Kitanzi na Hedhi: Namna Dosari Ilivyogeuka Tiba

Kitanzi, ambacho Watanzania wengi hukiita lupu na Wakenya koili, ni kifaa kidogo kinachowekwa ndani ya mfuko wa uzazi ili kuzuia mimba, na tangu zamani lawama yake kubwa imekuwa damu, kwa kuwa vitanzi vya plastiki vya miaka ya 1960, na vile vya shaba vilivyofuata, viliongeza wingi wa hedhi pamoja na maumivu yake.

Mwaka 1970, Antonio Scommegna na wenzake wa Chicago walieleza jaribio la kutia kitanzini projesteroni, yaani homoni ambayo mwili wa mwanamke huitengeneza baada ya yai kupevuka. Kifaa cha aina hiyo, Progestasert, kiliidhinishwa Marekani mwaka 1976, lakini homoni yake ilikwisha baada ya mwaka mmoja tu, na ni wanawake wachache wanaopenda kurudi kliniki kila mwaka kwa shughuli kama hiyo. Ufumbuzi ulitoka Ufini, ambako Tapani Luukkainen alitumia levonojestreli, homoni ya kiwandani inayofanya kazi ya projesteroni kwa nguvu zaidi, hata mikrogramu 20 kwa siku zikatosha, na miligramu 52 zilizofungiwa katika shina la kifaa chenye umbo la herufi T zikadumu kwa miaka. Kitanzi hicho, Mirena, kiliingia sokoni Ufini mwaka 1990.

Kwa kawaida utando wa ndani wa mfuko wa uzazi hunenepa kila mwezi kisha hubomoka, na kubomoka huko ndiko hedhi. Homoni ya kitanzi huuacha utando ukiwa mwembamba, hivyo damu haijikusanyi tumboni, kama inavyohofiwa, bali haipatikani ya kutoka. Hata hivyo, miezi 3 hadi 6 ya mwanzo huwa ya matone yasiyo na mpangilio, ambayo huwakera wengine kuliko hedhi yenyewe. Watafiti wa Sweden, katika ripoti ya mwaka 1990 kuhusu wanawake wenye hedhi nzito, walipima damu ikipungua kwa asilimia 86 baada ya miezi 3 na asilimia 97 baada ya mwaka. Na mwaka 2009 Marekani ikakiidhinisha kitanzi hicho kuwa tiba ya hedhi nzito.

Kiswahili kimeviacha vifaa viwili vyenye tabia zinazopingana chini ya jina moja, kwa hiyo anayewekewa kitanzi na aulize kwanza kama ni cha shaba au cha homoni.