Historia ya Upasuaji wa Masikio Yaliyochomoza

Upasuaji wa sikio ulianza kama tiba ya majeraha. Katika India ya kale, maandishi ya tiba yanayohusishwa na Sushruta yalieleza namna ya kuunga ndewe zilizochanika kwa ngozi ya shavu. Mwaka 1597, Gaspare Tagliacozzi wa Bologna alichapisha kitabu kuhusu kurudishia pua, midomo na masikio yaliyokatwa. Mwaka 1845, Mjerumani Johann Dieffenbach alieleza jinsi ya kurekebisha sikio lililoumia kwa kukata ngozi ya nyuma na kulishona karibu na kichwa.

Mwaka 1881 huko New York, Edward Ely alitangaza upasuaji wa mvulana aliyekuwa akidhihakiwa na wenzake kwa sababu ya masikio yake. Hapo ndipo masikio mazima yalipoanza kupasuliwa kwa ajili ya umbo.

Hata hivyo, ngozi iliyokatwa na kushonwa hutanuka, na masikio mengi yalirudi yalivyokuwa. Mwaka 1910, William Luckett alionyesha kwamba chanzo kikubwa cha masikio kuchomoza ni kukosekana kwa mkunjo wa gegedu, akaanza kuuunda upya kwa kukata na kushona. Ukingo uliobaki ulikuwa mkali. Mwaka 1963, Jack Mustardé wa Scotland aliunda mkunjo huo kwa nyuzi za kudumu bila kuikata gegedu. Mwaka 1968, David Furnas wa Marekani alitumia nyuzi kuvuta bakuli la sikio nyuma. Mbinu hizo mbili zingali msingi wa kazi hiyo.