Tofauti za mapigo ya moyo katika sonona na hofu ya ghafla

Tofauti za mapigo ya moyo ni kipimo, kwa milisekunde, cha jinsi muda kati ya pigo moja na jingine unavyobadilika. Moyo wenye afya haupigi kama saa ya ukutani: huharakisha kidogo mtu avutapo pumzi na kupunguza kasi aitoapo, kazi inayofanywa hasa na neva ya vagasi. Mwaka 1996 jopo la wataalamu wa moyo wa Ulaya na Amerika Kaskazini lilichapisha viwango vya upimaji wake.

Kwa wagonjwa wa sonona na wa hofu ya ghafla, tofauti hizi kwa wastani huwa ndogo kuliko za watu wasio na maradhi hayo. Utata huanza kwenye tiba. Dawa za zamani za kundi la trisaikliki, kama amitriptilini, huweza kumpa mgonjwa nafuu huku zikizidi kuzipunguza tofauti hizo, kwa kuwa huzuia asetilikolini, kemikali ambayo vagasi huitumia kuutuliza moyo. Fluoksetini na dawa za jamii yake huziathiri kidogo tu. Namba ikishuka, basi, si lazima mgonjwa awe amezidiwa. Umri, usingizi na hata kasi ya kupumua huibadilisha, jambo ambalo matangazo ya saa za kupima afya hulipita haraka. Katika kliniki, uamuzi wa kuendelea na dawa au kuibadili bado hutegemea maelezo ya mgonjwa na dodoso la dalili za sonona kama PHQ-9.