Kungoja Njiani

Mwaka 1857 Burton na Speke waliondoka pwani mwezi Juni, wakafika Kazeh, ndiyo Tabora, mwezi Novemba. Misafara ilikuwa ikikaa hapo majuma mengi, kwani wapagazi walitawanyika na ilibidi kutafuta wengine. Reli iliyofika mwaka 1912 iliifupisha njia, lakini haikuondoa kungoja.

Mama yangu aliishika njia hiyo kwenda Dar es Salaam, akiwa na saratani ya tezi la shingo na figo zilizokwisha kufa. Dawa ni iodini yenye mionzi, itolewayo Ocean Road, hospitali waliyoijenga Wajerumani mwaka 1897. Nguvu yake hupungua nusu kila siku 8, haiwekwi akiba. Mwenye figo nzima hutoa ziada kwa mkojo. Mama alitegemea mashine ya kusafisha damu. Mashine ikichelewa, mionzi ingemkaa mwilini; ikiwahi mno, dawa ingetoka kabla ya kufanya kazi. Wauguzi wa mashine nao walihitaji kinga.

Basi nasi tulikaa, tukingoja hospitali mbili zikubaliane siku moja. Zilipokubaliana, mama aliuliza treni ya Tabora huondoka lini.