China yashindwa katika mchezo wake yenyewe

Mwezi Julai mwaka 2014, mjini Strasbourg, Ufaransa, Wajapani walitwaa ubingwa wa wazi wa Ulaya wa mahjongi, mchezo uliozaliwa China katika karne ya 19. Timu ya China iliambulia nafasi ya 37. Nchini China habari hizo zilipokelewa kwa mshangao na hasira.

Hata hivyo, Wachina hawakuwa wamesahau kucheza. La kuulizwa ni mahjongi ipi.

Watu wanne huketi mezani na kete 144 zenye michoro, umbo lake mfano wa dhumna. Kila mmoja hushika kete 13, huokota moja na kutupa moja, hadi ile ya 14 ikamilishe mkono wake. Baada ya hapo kila nchi, na hata kila jimbo, lina sheria yake. Jimboni Sichuan hutumika kete 108 tu, na mmoja akishinda wengine huendelea kupambana. Nchini Marekani, ambako Joseph Park Babcock alichapisha kanuni zilizorahisishwa mwaka 1920, chama kilichoundwa New York mwaka 1937 hutoa kila mwaka orodha mpya ya mikono inayokubalika. Bingwa wa mwaka jana hulazimika kuanza kuikariri upya.

Japani ndiyo yenye funzo kubwa. Huko, anayetupa kete inayompa mwenzake ushindi hulipa peke yake. Tena, mchezaji haruhusiwi kushinda kwa kete ya mwenzake ikiwa yeye mwenyewe amekwisha kutupa kete ambayo ingemkamilishia mkono. Kwa hiyo kete aliyoitupa hasimu ni salama kwako dhidi yake. Hapo ndipo ulipozaliwa ustadi wa kujihami: mchezaji hodari huvunja mkono wake mzuri kuliko kutupa kete ya hatari.

Ustadi huo, ukihamishwa ulivyo, humponza mtu mahali pengine. Kanuni rasmi zilizoidhinishwa na mamlaka ya michezo ya China mwaka 1998, ambazo ndizo zilizotumika Strasbourg, hazina katazo hilo, na mshindi hulipwa na wote watatu, ingawa aliyetupa hulipa zaidi. Kuna njia 81 za kupata pointi, na ni sharti zifike 8 kabla ya kutangaza ushindi. Aliyezoea nyumbani kumaliza upesi kwa mkono hafifu hujikuta ana mkono uliokamilika lakini usio na ruhusa ya kushinda.

Wazungu wengi walijifunza kanuni hizo bila mazoea ya awali ya kuyaacha. Wajapani walikuwa nayo, na bado mwenzao, Mai Hatsune, alishinda ubingwa wa dunia mjini Tokyo mwaka 2002. Kwa Wachina nako haikuwa muhali: mwaka 2007, mjini Chengdu, taji la dunia lilikwenda kwa mchezaji wa China.