Chungu cha Chuma na Watunzaji Wake

Wasomaji wetu, leo twataka kuzungumza habari za chombo ambacho watu wengi hukiona kuwa takataka. Nacho ni chungu cha chuma kizito, kilichokaa miaka mingi nyuma ya ghala, kutu imekienea nje na ndani, kuku wakakifanya mahali pa kunywea maji. Akipita mnunuzi wa vyuma chakavu, mwenye nyumba humpa kwa fedha kidogo, akafurahi kwamba uwanja wake umekuwa safi. Sisi twasema, ngojeni kwanza. Chungu hicho kina historia ndefu, na uhai wake haujakwisha.

Kabla ya chungu cha chuma palikuwa na chungu cha udongo. Katika nchi za Wamwera, Wamakua, Wamakonde na Wayao, ufinyanzi ulikuwa kazi ya wanawake. Mwaka 1906 mtaalamu mmoja Mjerumani, Karl Weule, wa makumbusho ya Leipzig, alisafiri kutoka Lindi mpaka Masasi na Newala, na katika kitabu chake alieleza jinsi wanawake wa huko walivyofinyanga vyungu kwa mikono yao bila gurudumu. Lakini kazi ya chungu haikwisha kilipotoka motoni. Chungu kipya huchemshiwa kwanza maji ya pumba au uji mwepesi, ili vitundu vidogo vya udongo vizibe na mchuzi usivuje. Kumbukeni jambo hili, maana tutalirudia.

Mtu aweza kuuliza: Je, wazee wetu hawakujua chuma? Walikijua sana. Katika nchi ya Buhaya, magharibi ya Ziwa Viktoria, watu walichoma mawe ya chuma katika matanuri tangu miaka 2,000 na zaidi iliyopita. Na Wafipa walijenga matanuri marefu kuliko kimo cha mtu. Tena mwaka 1154 mwandishi Mwarabu, al-Idrisi, aliandika ya kwamba watu wa Malindi walichimba chuma na kukifanyia biashara. Ila chuma cha matanuri hayo hakikuwa maji. Kilitoka kama bonge lenye matundu, na mhunzi alilipiga kwa nyundo juu ya fuawe mpaka likawa jembe, kisu au mkuki. Chuma cha namna hiyo hufuliwa, hakimiminwi. Wala si kazi nyepesi kufua chungu kinene kwa nyundo.

Chungu cha chuma hutaka chuma cha kusubu, yaani chuma kilichoyeyuka kikamiminwa katika kalibu. Siri yake ni kaboni, ambayo ndiyo asili ya makaa. Chuma kitupu huyeyuka kwenye joto la digrii 1,538 za sentigredi. Lakini kikinywa kaboni kiasi cha sehemu 4 katika 100, huyeyuka karibu na digrii 1,150. Wachina waliijua siri hii zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Huko Uingereza, mwaka 1707, Abraham Darby alipata hati ya serikali ya kusubu vyungu vya chuma katika kalibu za mchanga; na mwaka 1709, huko Coalbrookdale, alianza kuyeyusha chuma kwa makaa ya mawe yaliyookwa. Tangu hapo bei ya chungu cha chuma ikapungua, hata maskini wakaweza kukinunua, na merikebu zikavichukua vyungu hivyo mpaka nchi za mbali.

Umuhimu wa chungu huonekana zaidi siku za shida. Mwezi wa Oktoba 1917 majeshi ya Waingereza na Wajerumani yalipigana vita vikali huko Mahiwa, karibu na Nyangao, si mbali na Ruangwa na Nachingwea. Nyuma ya askari walikuwapo maelfu ya wapagazi. Katika vita hivyo wapagazi wengi hawakufa kwa risasi, bali kwa maradhi. Na sababu mojawapo ilikuwa unga wa mahindi uliopikwa haraka bila kuiva, ukaharibu matumbo yao. Mtu hupewa posho akafa hali posho anayo, kwa kukosa chombo, kuni na muda wa kupika.

Tena nchi ya Nachingwea ina funzo lake katika habari za chuma. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mpango mkubwa wa kulima karanga katika Kongwa, Urambo na Nachingwea. Matrekta yaliletwa, mengine yakiwa yamekwisha chakaa katika vita. Hata vifaru viligeuzwa kuwa matrekta. Reli ikajengwa kutoka upande wa pwani ya Lindi mpaka Nachingwea. Lakini mvua, ardhi na mahesabu havikupatana na mpango, na Januari 1951 ukavunjwa, hasara ikiwa kiasi cha pauni milioni 36. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 na reli ikafungwa, vyuma vyake vikang'olewa. Basi tazameni: chuma chote kile kilichogharimu mamilioni hakikudumu miaka ishirini, bali chungu kimoja kikitunzwa vema huweza kumpikia bibi, mama na mjukuu. Chuma hakidumu kwa ukubwa wake, hudumu kwa mtunzaji wake.

Sasa na turudi kwenye chungu kile cha nyuma ya ghala. Kwanza kigongeni kwa kijiti. Kikilia kama kengele, ni kizima. Kikitoa sauti ya kufa, kina ufa. Pili, ulizeni kilitumika kwa kazi gani. Ikiwa watu waliyeyushia risasi ya kutengenezea vizito vya nyavu, kisipikiwe chakula kamwe, kwa maana risasi ni sumu.

Kikiwa kizima na salama, sugueni kutu kwa mchanga laini au kwa majani ya msasa, mpaka rangi ya kijivu itokee. Mafuta ya zamani yaliyoganda hutoka kwa maji ya majivu. Lakini jihadharini, maji hayo makali huchubua ngozi. Osheni, kisha kaushieni juu ya moto palepale, kwa kuwa chuma kitupu chenye unyevu hushika kutu upesi sana.

Kingali na joto, pakeni mafuta kidogo, kisha yafuteni kwa kitambaa kana kwamba mwataka kuyaondoa yote. Kifudikizeni juu ya makaa mpaka moshi ukome. Rudieni mara nne au tano. Mafuta yakipata joto kali juu ya chuma hugeuka kuwa utando mgumu mweusi, nao huzuia kutu na kuzuia chakula kisigande. Mafuta ya alizeti hufaa sana, na ya ufuta, zao la nchi hii, hufaa pia. Ya nazi hayashiki vema. Je, si maarifa yaleyale ya mama mfinyanzi na maji yake ya pumba? Chombo kipya lazima kifundishwe kupika.

Baada ya hapo, kikaushieni motoni kila mkiisha kukiosha, hasa wakati wa mvua. Msikimwagie maji baridi kingali moto, kitapasuka. Wala msikilaze na mchuzi wa ukwaju au ndimu, maana ukali huo hula utando wake.

Faida si ya ladha peke yake. Mwaka 1999 gazeti la matibabu la The Lancet lilitangaza uchunguzi wa Ethiopia: watoto waliolishwa chakula kilichopikwa katika vyungu vya chuma walipungukiwa damu kidogo kuliko wale wa vyungu vya alumini. Chuma kidogo huingia katika chakula, na mwili hukitumia kutengeneza damu.

Wahenga walisema, figa moja haliinjiki chungu. Nasi twaongeza ya kwamba hata mafiga matatu hayafai kitu ikiwa chungu kimeuzwa. Basi leo jioni, kabla mnunuzi hajapita, nendeni nyuma ya ghala mkatazame.